Mama Aliyeridhika na Kioo

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninafundisha fasihi katika shule moja ya sekondari hapa Arua. Wanafunzi wangu wanashikilia kwamba riwaya za distopia, yaani zinazobuni jamii ya baadaye iliyoharibika, ziliandikwa na watu walioogopa mitambo, basi. Nami nina binti anayefanya kazi Dubai, ambaye kwa muda mrefu sasa ninamwona kwenye simu pekee. Je, riwaya hizi zinasema kwamba uhusiano wetu ni wa bandia?
Mwalimu wa fasihi, Arua

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa barua yako. Hazisemi hivyo, na hadithi inayolionyesha jambo hili vizuri kuliko zote nilizosoma ni “The Machine Stops” ya E. M. Forster, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1909.

Vashti ni mama anayeishi peke yake katika chumba chini ya ardhi, ambamo chakula, muziki na mihadhara huletwa na Mtambo kwa kubonyeza kitufe. Mwanawe Kuno anaishi upande wa pili wa dunia na humtokea katika kioo anachokishika mkononi. Usimdhanie mama huyu kuwa hana watu, kwani anafahamiana na maelfu. Anayelalamika ni Kuno: anamwambia mama yake kwamba katika kioo anaona kitu kinachofanana naye, lakini yeye mwenyewe hamwoni, na anamwomba aende kumtembelea. Vyombo vya angani vipo na safari ni ya siku mbili tu, ila mama hataki.

Sehemu inayofuata ningependa darasa lako liisome polepole. Vashti anapokubali hatimaye kusafiri, anayumba ndani ya chombo, na mhudumu anapomshika ili asianguke, anamkaripia badala ya kumshukuru, kwa kuwa katika dunia ile kumgusa mtu ni utovu wa adabu. Akifika kwa mwanawe, hampi hata mkono. Sisi ambao hushikana mikono hadi habari za nyumbani, za watoto na za shamba zimalizike, tunaweza kuusikia ubaridi wa mkutano huo kuliko msomaji mwingine yeyote. Kinachomhuzunisha Forster ni mama aliyeacha kumtamani mwanawe, huku akiamini kwamba hajapungukiwa na kitu.

Ray Bradbury, katika “Fahrenheit 451” ya mwaka 1953, riwaya kuhusu nchi inayochoma vitabu, anaigusa huzuni hiyo hiyo ndani ya ndoa. Mildred ana kuta tatu za runinga na anadai ya nne, ingawa bei yake ni theluthi ya mshahara wa mumewe wa mwaka mzima. Mumewe anapomuuliza walikutana wapi mara ya kwanza, hakumbuki, na mume naye hakumbuki. Ukurasa huo huniuma kuliko zile za kuchomwa kwa vitabu. Runinga ya George Orwell katika riwaya yake “1984” ni habari nyingine, kwani kazi yake kubwa ni kupeleleza, na nisingeichanganya na swali lako.

Wanafunzi wako wana haki katika jambo moja, kwamba mitambo si ya kuogopwa tu: kwa mzazi aliyetenganishwa na mwanawe na utafutaji wa riziki, simu ni neema. Lakini wakumbushe Januari 2021, intaneti ilipokatwa Uganda nzima usiku wa kuamkia uchaguzi, na mzazi wa hapa akashindwa kumwona mtoto aliye ng'ambo kwenye kioo chake. Katika hadithi ya Forster pia Mtambo huanza kuharibika kidogo kidogo, na watu, baada ya kulalamika mwanzoni, huyazoea mapungufu yake hadi siku unapozimika kabisa.

Kuhusu binti yako, ninaona tofauti kubwa kati yako na Vashti, kwa sababu yeye aliridhika na kioo, nawe umeniandikia kwa kuwa hujaridhika. Mwambie hivyo mtakapozungumza, na mpange lini atakuja Arua, hata ikiwa nauli itachukua muda kupatikana. Darasani, anza na Forster kabla ya Bradbury, kwani hadithi yake ni fupi, kisha uwaombe wanafunzi waandike hoja ambazo wangempa Vashti ili akubali safari ile mapema.