Fundi Kompyuta anajibu: Mbona gbp haichukui marekebisho yangu?

Toka tugusie habari za kutengeneza pakeji (programu zilizofungashwa tayari kuinstooliwa) za Debian, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, maswali yanayotoka huku Nyanda za Juu Kusini ni mengi na karibu yote yanahusu kitu kimoja, git-buildpackage, au kama wengi wanavyoiita kwa komandi yake, gbp. Kwa asiyeijua, hii ni programu inayochukua msimbo wako uliopo kwenye Git, ile programu ya kutunza historia ya mabadiliko, pamoja na lile folda la debian/ lenye maelekezo ya pakeji, halafu inakutolea faili la .deb ambalo mtu anainstoo bila kuhangaika. Yenyewe haina neno, ila opsheni zake ni nyingi balaa na zinafanana majina, ndo maana mnachanganyikiwa. Twende.

Swali (Uyole, Mbeya): Shikamoo fundi. Nimeandika kiprogramu cha kurekodi magunia ya viazi yanayoingia na kutoka ghalani, na kompyuta zote za pale ni Debian, nikasema badala ya kuzunguka na flashi nitengeneze .deb. Sasa nikiandika gbp buildpackage inaniambia You are not on branch 'master' but on 'main', halafu inanipa wazo la kutumia --git-ignore-branch. Nimeiweka imekubali. Naweza kuendelea hivyo hivyo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kuendelea unaweza, ila mi nisingekushauri. gbp ikiwa haijaambiwa kitu inaamini kazi yako ya Debian iko kwenye tawi (mstari mmoja wa kazi ndani ya Git) linaloitwa master, na msimbo halisi wa programu kama unatoka kwa mtu mwingine uko kwenye tawi linaloitwa upstream, basi. Siku hizi repo (hifadhi za Git) nyingi mpya zinaanza na main kwa hiyo inashtuka, inasema hapa sipo nilipotegemea kuwepo.

Ukiweka --git-ignore-branch hujairekebisha, umeiambia tu isiulize tena. Na kuuliza kwenyewe kuna faida yake. Siku utakuwa umefungua tawi la majaribio, unajaribu kubadilisha jinsi ya kuhesabu magunia, saa nne usiku umechoka unabildi (unatengeneza .deb), inapita kimya kimya, kesho asubuhi ghala zima linatumia mahesabu ambayo hujayamaliza. Kwa hiyo itajie tawi lako kwa jina, --git-debian-branch=main, ili ukiwa kwingine iendelee kukugomea kama inavyotakiwa.

Na usiwe unaandika hiyo kila siku. Fungua faili debian/gbp.conf uandike hivi:

[DEFAULT]
debian-branch = main

Ukishamaliza likomiti, yaani lihifadhi ndani ya Git, hata mwenzako akikloni repo atalikuta. Umeona kwenye faili hakuna neno git- mbele? Kwenye terminali lipo, kwenye faili halipo, na ukiliweka huko opsheni yako haitasomwa. Halafu kwa kuwa programu ni yako mwenyewe na humfuati mtu, angalia debian/source/format, ukiandika 3.0 (native) hutasumbuliwa na habari za upstream kabisa.

Swali (Kihesa, Iringa): Kamwene fundi! Mi nakaribia kuitupa hii laptopu. Nina pakeji ya programu ya maktaba, kuna faili la mipangilio lilikuwa na njia ya folda iliyokosewa, nikalirekebisha. Nikabildi gbp ikakataa ikasema You have uncommitted changes in your source tree, nikaweka --git-ignore-new kama yenyewe ilivyoniambia, ikabildi mpaka mwisho bila tatizo. Nikainstoo. Kosa ni lile lile! Nikafuta kila kitu nikabildi upya, lile lile. Nikifungua faili kwenye folda langu liko sawa, nikifungua lililoinstooliwa lina kosa. Inawezekanaje?

Jibu: Kamwene. Laptopu haina kosa, iache. Kuna kitu hujaniambia ila naweza kukibashiri, kwamba kwenye home yako kuna faili ~/.gbp.conf ambalo ama ulikopi kutoka kwa mtu ama ulifuata maelekezo fulani mtandaoni, na ndani yake kuna mstari wa export-dir. Ili tusibishane, andika hivi:

gbp config buildpackage.export-dir

Ikikujibu na kitu kama ../build-area/ basi hapo ndo penyewe. Hii gbp config wengi hawaijui na mi naona ndo komandi yenye faida kuliko zote kwenye hili sanduku, ukiandika gbp config buildpackage peke yake inakutolea opsheni zote na thamani zake baada ya kusoma mafaili yako yote, huna haja ya kukumbuka uliandika nini wapi mwaka jana.

Sasa sikiliza kinachotokea. Bila export-dir, gbp inabildi palepale kwenye folda lako la kazi, kwa hiyo kilichopo kwenye diski ndo kinaingia kwenye pakeji, umekomiti hujakomiti kinaingia. Ukiwa na export-dir mambo yanabadilika, yenyewe inatoa nakala safi kutoka ndani ya Git, inaipeleka kwenye lile folda jingine, na kubildi kunafanyika huko. Na nakala hiyo, usipoiambia vingine, inatoka kwenye HEAD yaani komiti yako ya mwisho. Marekebisho yako hayajafika kwenye komiti yoyote. Hayapo HEAD. Kwa hiyo hayaendi popote.

Na --git-ignore-new hapo imefanya ilichoombwa, kwamba usigome kwa sababu kuna vitu havijakomitiwa. Haijaahidi popote kwamba itavibeba! Bila export-dir ungeona kama vile inavibeba kwa sababu tu kubildi kunafanyika juu ya mafaili yenyewe, ndo maana watu wawili wanaandika komandi ile ile herufi kwa herufi, mmoja inamkubalia mwingine anataka kutupa laptopu.

Njia ya kutokea: kama marekebisho umeridhika nayo, komiti, bildi, maliza. Kama bado unajaribu na hutaki kujaza historia ya Git na komiti za "jaribu tena", tumia hii:

gbp buildpackage --git-ignore-new --git-export=WC

WC ni folda lako la kazi jinsi lilivyo sasa hivi. Na "jinsi lilivyo" uichukue kweli kweli, maana takataka ulizoacha humo, sijui nakala-ya-zamani.txt, sijui data ya kujaribia, navyo vinasafiri. Kuna pia --git-export=INDEX ambayo inachukua yale tu uliyokwisha kuyapitisha kwa git add, hiyo mi naipenda zaidi kwa sababu nachagua mwenyewe nini kiingie.

Kabla hujainstoo tena, tazama ndani ya .deb kwanza, dpkg-deb -c ukifuatisha jina la faili inakupa orodha ya vilivyomo, na dpkg-deb -x inavitoa kwenye folda utakalolitaja, unafungua lile faili la mipangilio unalisoma kwa macho yako. Na hakikisha unalifungua la kwenye build-area, si lile la zamani lililobaki folda la juu, maana hilo nalo limewasumbua watu sana.

Usiifute export-dir lakini. Kubildi nje ya folda la kazi ni tabia nzuri, inakuonyesha mapema kama kuna faili ulisahau kulikomiti.

Swali (Mafinga): Fundi habari za kazi. Pakeji yangu inabildi vizuri ila mwishoni kabisa inaleta gpg na No secret key halafu inasema imekatisha. Nimejaribu kuandika --git-us na --git-uc haisaidii.

Jibu: Nzuri kabisa. Kwanza poa, .deb lako limeshatoka, angalia folda la juu utalikuta. Kilichoshindikana ni saini tu, ile gpg inayoweka kuthibitisha pakeji imetoka kwako, kinakuja mwisho baada ya kila kitu kukamilika.

Kuhusu kuandika: gbp buildpackage ina watu wawili nyuma yake. Yupo gbp mwenyewe, na yupo anayefanya kazi ya kubildi, ambaye kwa kawaida ni debuild. Chochote kinachoanza na --git- ni cha gbp, kilichobaki inampitishia debuild kama kilivyo. Saini ni ya huyu wa pili, kwa hiyo:

gbp buildpackage -us -uc

Bila git- yoyote. Vilevile -b ukitaka .deb tu bila sosi (msimbo wenyewe), na -S ukitaka sosi tu. Ila angalieni, utaratibu huu wa --git- ni wa buildpackage, ukienda kwenye gbp import-orig au gbp dch tawi unalitaja kwa --debian-branch tu, kwa sababu hakuna wa pili wa kuchanganyana naye. Nakubali inakera.

Swali (Njombe mjini): Nasikia --git-pbuilder ndo njia sahihi ya kubildi, lakini bando zetu unazijua. Itanimaliza?

Jibu: Mwanzoni itakula, sikufichi. Kabla ya yote unatengeneza mazingira safi, DIST=bookworm git-pbuilder create (bookworm ni jina la toleo la Debian), hapo inashusha Debian ndogo nzima kuanzia sifuri. Fanya hiyo pale penye waifai ya bure au usiku kama una bando la usiku. Baada ya hapo unabildi kwa gbp buildpackage --git-pbuilder --git-dist=bookworm, na pakeji inazozihitaji zikishashushwa mara moja zinatunzwa /var/cache/pbuilder/aptcache, hazishushwi tena mpaka litoke toleo jipya. Usisahau hiyo --git-dist, ukiiacha yenyewe inaelekea sid, Debian ambayo bado inatengenezwa, na sid inabadilika kila siku kwa hiyo MB zako zitaondoka kweli.

Kama mko wengi ofisi moja, wekeni apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja, inasikiliza poti 3142, mmoja akishusha wote mmepata.

Faida yake ni kwamba inabildi sehemu ambayo haina kitu, ukisahau kuandika kitu kwenye Build-Depends (orodha ya vitu vinavyohitajika kubildi) inakushika hapo hapo, wakati kwenye laptopu yako kila kitu kipo kwa hiyo kosa linajificha hadi lifike kwa mteja.

Swali (Tukuyu): Mimi pakeji yangu ni ya programu ya watu, toleo 2.0~rc1-1. Nimetumia --git-tag, tegi (alama ya toleo kwenye Git) imetoka debian/2.0_rc1-1. Nimeharibu wapi? Na kabla ya hapo ilikuwa inalia kwamba upstream/2.0_rc1 is not a valid treeish, nikalazimisha tu.

Jibu: Tegi iko sahihi. Git hairuhusu alama ya ~ kwenye majina ya tegi kwa hiyo gbp inaibadilisha kuwa _ yenyewe, na ile ya : inakuwa %. Kwenye debian/changelog toleo linabaki na ~ yake, usiliguse. Ukija kukosea tegi na unataka iwekwe upya bila kubildi tena, ni --git-tag-only pamoja na --git-retag, ila kama ulishaisukuma kwenye seva na watu wameichukua, panda toleo jipya tu, usibadilishie watu tegi mikononi.

Ile ya treeish ndo ya kuangalia. gbp ilikuwa inatafuta tegi ya msimbo wa asili ili itengeneze faili la orig (kifurushi cha msimbo huo), na kwa kawaida inategemea jina lianze na upstream/. Wenye programu wengi wanaita tegi zao v2.0 na kadhalika. Kwa hiyo andika git tag uone wao wanaitaje, halafu kwenye debian/gbp.conf weka upstream-tag = v%(version)s kama ndo mtindo wao. Ukiandikia terminali weka ndani ya alama za kunukuu moja moja, '--git-upstream-tag=v%(version)s', la sivyo shell itagombana na hayo mabano. Angalia tu wao rc (toleo la kujaribiwa kabla ya lile kamili) wanaiandikaje, maana kama ni v2.0-rc1 yenye kistari haitalingana na _ ya gbp, na hapo ni rahisi kuweka tegi yako mwenyewe ya upstream/2.0_rc1 juu ya komiti ile ile.