Kliniki ya akili ni Alhamisi, nasi tumefika Ijumaa

SWALI: Shikamoo nesi. Mdogo wangu ana miaka 24, ni dereva wa bodaboda. Mwezi wa sita aliacha kulala, akawa anazunguka uani usiku kucha akidai kuna watu wanasikiliza simu yake. Zahanati walimpima malaria, haipo, wakatupa panadol. Tukakaa kwa mchungaji siku tisa. Hospitali ya wilaya tulifika Ijumaa, tukaambiwa kliniki ya akili ni Alhamisi. Sasa anameza haloperidoli, dawa ya akili, na analala, lakini juzi shingo ilikakamaa ikageukia upande, macho yakapanda juu. Baba amevitupa vidonge chooni. Majirani wanasema tumpeleke hospitali ya akili ya Mirembe, mama analia kwamba aingiaye huko hatoki. Tufanyeje?
Dada mkubwa, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Habari ya shingo nilikupigia simu siku ileile barua yako iliponifikia. Naiandika tena kwa sababu najua kuna baba mwingine mahali anakaribia kutupa vidonge. Ule si wazimu unaorudi, wala si jini. Haloperidoli huwafanyia hivyo baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, siku za mwanzo. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Kuna sindano ya kulegeza ile misuli, na haichukui muda. Baada ya hapo daktari hupunguza dozi, au huongeza kidonge tunachokiita artane, au hubadilisha dawa. Haya mlipaswa kuambiwa siku mnapewa vidonge. Hamkuambiwa, na baba yako kafanya ambacho mzazi yeyote angefanya.

Sasa hiyo Alhamisi. Niseme la kwangu kwanza. Zamani nikiwa hospitali moja ya wilaya, kliniki yetu ilikuwa Jumanne. Jumatano moja akaja mama na kijana wake, wamempakia kwenye pikipiki katikati ya wanaume wawili, mikono imefungwa kamba ya katani. Nilikuwa peke yangu wodini. Nikamwambia arudi Jumanne. Hakunijibu kitu. Alijifunga kanga upya, wakaondoka. Alirudi baada ya wiki tatu, na kamba ilikuwa imeingia nyamani kwenye vifundo vya mikono. Tulianza kuosha vidonda, ndipo tukaongea habari ya akili.

Siku ya kliniki ni ya wanaokuja kuchukua dawa na kuangaliwa maendeleo. Mtu asiyelala siku tano, asiyekula, au anayetishia kujidhuru au kumdhuru mwenzake, ni mgonjwa wa dharura sawa na aliyevunjika mguu. Daktari wa zamu anaweza kumwanzishia matibabu hata kama mtaalamu wa akili hayupo. Usiondoke. Omba kumwona mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali. Na pale mapokezi usiseme "kachanganyikiwa". Neno hilo tunalisikia kutwa nzima, hata kwa mtu aliyegombana na mkewe. Sema hivi: leo usiku wa tano hajalala, tangu juzi kala nusu muhogo, jana kashika panga. Maneno ya namna hiyo huandikwa kwenye faili.

Wale wa zahanati siwalaumu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mkoa wako huohuo wa Morogoro, pamoja na Kilimanjaro, ndiko serikali ilikojaribu kwanza mpango wa kushusha matibabu ya akili hadi zahanati. Wazo zuri mno. Ila tabibu aliyefunzwa akihamishwa na mrithi wake hakufunzwa, halafu kabati la dawa ni tupu, kinachobaki ni panadol. Kwa hiyo barua ya rufaa msiingoje, iombeni.

Dawa nayo huisha. Kabla hujaondoka dirishani uliza kama ya mwezi ujao ipo. Kama haipo, omba cheti uende nacho duka la dawa, msiazime za jirani. Mkikosa hela, muulizieni afisa ustawi wa jamii hapohapo hospitali ya wilaya. Msamaha wa gharama unapitia kwake. Mara nyingi mlangoni pake hakuna foleni, kwa sababu watu hawajui yupo.

Mirembe ipo Dodoma tangu 1927, na hofu ya mama yako ina umri huohuo. Mwambie watu wanatoka. Nikiwa mwanafunzi pale niliwasindikiza wengine hadi stendi, na begi nikawabebea. Wanaokawia wengi ni wale ambao ndugu walitoa namba ya simu isiyopatikana. Ila kwa mdogo wako sioni haja ya safari hiyo sasa: analala, anakubali dawa, na hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa inaweza kuendelea naye. Kwa mchungaji endeleeni kwenda, kidonge kikiwa kimeshamezwa.

Jambo moja hukuliuliza. Dawa hizi husinziza, na kijana akipata nafuu kidogo tu atataka kurudi kijiweni. Ufunguo wa pikipiki kaa nao wewe hadi daktari aseme.