Mwatiko kwa wanaoanza: kidimbwi kwanza, vifaranga baadaye

Ukisoma vitabu vya ufugaji wa trauti, samaki aliyeletwa mito ya Aberdare mwaka 1905, utakuta kila ukurasa unahimiza maji baridi. Vifunge. Hapa Malindi kidimbwi hupita nyuzi 30 adhuhuri, na mwatiko, samaki wa baharini tunayemfuga, hajali. Hajali chumvi pia. Kinachomuua kifaranga ni udongo, njaa na alfajiri.

Tuanze na udongo. Usikate mikoko kuchimba kidimbwi. Chimba nyuma yake, kwenye uwanda mtupu wa chumvi. Tope la mikoko likikauka na kuingiwa na hewa hutoa asidi. Wengi huona kidimbwi kimetulia, kisha mvua ya kwanza ya masika inaosha tuta jipya na samaki wanaelea asubuhi. Kwa hiyo jaza maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa sana, yaache siku mbili tatu, yatoe yakipwa. Rudia mara kadhaa. Tuta nalo lioshwe. Kisha mwaga chokaa ya kilimo: kidimbwi cha mita 10 kwa 20 huanza na kilo 20, na udongo wenye asidi hutaka zaidi.

Kimo cha sakafu kipimwe kwa maji ya bahari, si kwa macho. Ikiwa juu mno, bahari itakuingilia siku chache tu za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ikiwa chini mno, hutaweza kukausha. Masika, Sabaki ikishusha maji mekundu, funga mlango wa maji kama uko jirani na mlango wa mto.

Chakula chake ni utando wa mwani unaoota sakafuni. Kausha hadi udongo upasuke, tandaza kilo 20 hadi 40 za samadi ya kuku kwa kidimbwi kile kile, ingiza maji ya sentimita 5, kisha ongeza kidogo kidogo hadi 30 au 40. Ukijaza kwa pupa, jua halifiki chini na utando hauoti. Mpaka sakafu iwe na zulia la kijani-kahawia, usilete kifaranga hata kimoja.

Vifaranga huokotwa kwenye madimbwi yanayobaki bahari ikipwa. Hapa ndipo pa kukaza macho. Mwatiko ana pezi moja tu mgongoni, mkia wenye panda, mdomo mdogo usio na meno. Mkizi ana mapezi mawili mgongoni. Huyo hana madhara. Lakini ukiona mdomo mpana uliopita jicho, mtoe: ni mla wenzake, na mmoja akikulia kidimbwini utavuna kidogo sana. Wavu wa macho madogo kwenye mlango wa maji unazuia wadogo zake wasiingie.

Usiwalishe siku ya kuwasafirisha, wasichafue maji. Elelesha mfuko kidimbwini dakika 20, kisha changanya maji taratibu kwa saa nzima. Wamwage jioni au asubuhi, si adhuhuri. Mia moja kwa kidimbwi hicho wanatosha kwa kuanzia, utando usimalizwe kabla ya kuota tena.

Baada ya hapo amka kabla ya jua. Wakihema juu ya maji, hewa imekwisha usiku: ingiza maji mapya, acha samadi. Kulasitara na mnandi, ndege wala samaki, watakuja bila kualikwa; kaa nao hutoboa tuta, kwa hiyo lizunguke kila maji yakipwa.