Supachaja kwenye Premio haitakupunguzia mafuta

Kaka, umeuliza kama ukifunga supachaja kwenye Premio yako ya CC 1800 itabana mafuta. Hapana, itakunywa zaidi.

Supachaja ni pampu ya kusukumia hewa nyingi ndani ya injini, na huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki (shafti kuu ya injini), kwa hiyo ni injini yenyewe inayoibeba. Turbo, nayo pampu ya hewa, angalau hutumia nguvu ya moshi ambao ungepotelea kwenye ekzosi. Halafu hewa ikiingia nyingi, kompyuta inaongeza petroli. Presha ikizidi injini inaanza kugonga (petroli inajiwakia ovyo ndani ya silinda), hapo fundi atachelewesha taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, au ashushe kompresheni, yaani kiasi hewa inavyobanwa, na vyote viwili vinakula mafuta. Mguu wako nao siuamini: ukishaonja ule mvuto, nani atakanyaga taratibu?

Utasema mbona kuna Nissan Note E12 zenye supachaja na zinasifiwa kwa kubana? Kweli, zile za injini ya HR12DDR. Lakini kiwanda kilianza na injini ndogo, CC 1200 ya silinda 3, kikaipa supachaja ili ivute kama injini kubwa kuliko hiyo. Tena ina klachi inayoiachia supachaja pale nguvu isipohitajika. Akiba inatoka hasa kwenye udogo wa injini. Wewe utabaki na 1800 yako ileile, na mzigo juu yake.

Hiyo hela weka plagi mpya na filta ya hewa, safisha nozeli, na upime upepo wa tairi.