Ukuta wa zahanati unatema rangi

*Shikamooni. Nimezoea kupiga chata mitaani kwa rangi ya kopo la kupuliza. Sasa mwenyekiti wa mtaa kanipa ukuta wa zahanati, mita 6 kwa 2.5, nichore mama na mtoto kliniki. Nimejaribu kona moja, rangi ikavimba na kubanduka. Nakosea wapi? – Msomaji, Mikindani, Mtwara*

Marahaba. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, mara nyingi hiyo ni chumvi, na lipu ya mchanga wa pwani haikosi chumvi. Unyevu hupanda kutoka kwenye msingi ukiibeba. Maji yakikauka, chumvi hubaki nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Usiioshe, itayeyuka na kurudi ndani. Isugue kwa brashi ya waya ukuta ukiwa mkavu, fagia, ngoja siku chache, rudia mpaka unga uishe. Lipu inayomung'unyuka ibandue. Ukipiga mpya, isubiri siku 28, maana saruji mbichi huunguza rangi.

Rangi ya mafuta iache kabisa: inaziba ukuta, unyevu unakosa pa kutokea, malengelenge yanarudi. Chukua rangi ya maji ya nje. Eneo lako ni mita za mraba 15, na lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja (yaani ukipaka mara moja), kwa hiyo praima, rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine, lita 2 na galoni moja ya lita 4 kwa mikono miwili ya chini. Lipu ya kukwaruza hunywa zaidi. (Zile nyumba za kale za mawe hapo kwenu zinataka chokaa tu, saruji inaziua.)

Mchoro uchore kwanza kwenye karatasi ya sentimita 60 kwa 25 iliyogawanywa viboksi, kila kiboksi sentimita 5. Ukutani kinakuwa sentimita 50, navyo ni viboksi 60. Piga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, kisha nakili kiboksi kwa kiboksi.

Kopo libaki la vivuli na mistari ya mwisho. Juni hadi Septemba hakuna mvua lakini kusi inavuma, basi puliza alfajiri kabla upepo haujaamka. Sentimita 50 za chini usichore kitu, paka hudhurungi tupu: matope ya mvua yote huishia hapo.

*Nani aamue tuchore nini? – Msomaji, Lindi Mjini*

Wenye mtaa. Philadelphia, Marekani, mpango ulioanza 1984 wa kuwatoa vijana kwenye chata na kuwaingiza kwenye michoro ya kuta ulijengeka kwa kukaa na wakazi kwanza. Nenda kwenye mkutano na rasimu tatu za penseli, si picha iliyokamilika. Iliyokamilika watu huisifu kwa adabu, kisha huisema pembeni. Kibali kiwe cha maandishi kutoka kwa mwenye ukuta, maana mwenyekiti si mwenye shule wala zahanati. Sura za wagombea zikatae. Na kila rangi uliyochanganya, weka nusu lita kwenye chupa yenye jina: ukija kuziba mkwaruzo mwakani, hutaipata tena ileile.