Studio ya Geto: Beisi Inapotelea Wapi?

Mwezi huu barua nyingi zinalia kilio kimoja, biti ikiwa ndani ya hedifoni ni moto, ikitoka nje inakuwa uji. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ugonjwa huo nimeuugua mwenyewe, tena sio kidogo.

SWALI: Kaka za majukumu. Mimi napika biti nyumbani Tandika, nina laptopu ya RAM 4 na FL Studio, programu ya kupikia biti, niliyopewa na mshkaji kwenye fleshi. Biti zangu kwenye hedifoni zinapiga balaa, ila nikimrushia mtu WhatsApp anasema mbona haina beisi, nikiipeleka kwenye sabufa la kibanda cha chipsi hapa mtaani beisi inajaa mpaka kinanda hakisikiki. Sasa washkaji wananiambia nihamie Ableton au Logic ndo zina saundi nzuri. Nihamie ipi?

JIBU: Salama mdogo wangu. Logic inakaa kwenye Mac na iPad tu, kwa hiyo kwa laptopu yako hiyo kesi imefungwa kabla haijasomwa. Ableton ni kali, sibishi, ila hizi habari za programu fulani kuwa na saundi nzuri ni maneno ya kijiweni. Chukua WAV zilezile, yani mafaili ya sauti isiyobanwa, ziweke FL, Ableton na Reaper (programu nyingine ya kazi hiyohiyo), feda zote, vile vitelezi vya volyumu, zikae sawa na usiweke plagini yoyote, yani vile vifaa vya ziada vya kubadili au kuzalisha sauti, kitakachotoka ni kilekile maana zote zinajumlisha namba tu. Tofauti iko kwenye mkono wako unavyozoea, na FL kwa kupiga ngoma na kuchora melodi wengi huku kwetu wameizoea, singeli nyingi za Dar zimepikwa humo humo. Baki nayo.

Ila hiyo ya kwenye fleshi achana nayo aisee. Mimi niliwahi kuweka plagini ya kukrekiwa, ikaniambia nizime antivairasi kwanza, nikazima kama mjinga, wiki haikuisha mafaili yote yamegeuka majina ya ajabu na projekti za mwaka mzima zikaenda na maji. Pakua ya majaribio kwa wenyewe Image-Line, inakuruhusu kufanya karibu kila kitu na kutoa WAV na MP3, kikwazo ni kwamba projekti ukiisevu hutaweza kuifungua tena mpaka ununue. Ndo maana nakushauri hivi, na hii ndo dawa ya RAM 4 pia: pika biti FL, ukiridhika siku hiyohiyo toa kila sauti peke yake kama WAV, kiki (ngoma nzito ya chini) yake, sneya (ngoma ya kupasua) yake, 808 (beisi nzito ya elektroniki) yake, kinanda chake, halafu miksi, yani kupanga sauti zikae vizuri pamoja, ukafanyie Reaper. Reaper imetengenezwa na kampuni ya yule jamaa wa Winamp, ile programu ya zamani ya kupigia muziki kwenye kompyuta, faili lake la kupakua ni MB chache hata bando ya siku inatosha, unaijaribu siku 60 ikiwa kamili bila kufungwa kitu, na ukija kuilipia ni dola 60 kwa mtu wa kipato kama chetu. Haina vinanda wala ngoma za maana ndani, ila kwenye kumiksi imekuja na ikwalaiza (ya kuongeza au kupunguza beisi na sauti za juu), kompresa (ya kubana sauti zinazoruka) na limita (ya kuzuia sauti isipite kiwango) za kutosha kabisa. Na ukishakuwa na WAV tupu laptopu inapumua, maana vinanda vizito vyote umeviacha kule FL.

Siku ukinunua FL, kabla ya kuchukua toleo la Fruity hakikisha linakuruhusu kurekodi voko, yani sauti ya muimbaji, na kuweka vipande vya sauti, kama haliruhusu anzia toleo la Producer. Ukishalipa masasisho ni bure maisha.

Haya, turudi kwenye beisi. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja Mabibo, spika mbili nimezibana kwenye kona nyuma ya kitanda kwa sababu ndiko kulikokuwa na soketi. Kona inakuza beisi. Kwa hiyo kila nikimiksi nasikia beisi nyingi, naipunguza, naipunguza, biti ikienda nje nyembamba kama uzi, nikadhani tatizo ni programu, nimehama programu tatu kwa mwaka mmoja. Siku niliposogeza spika mbali na kona na kusimamisha godoro ukutani nyuma ya kiti changu, ndo nikajua nimekuwa nikigombana na ukuta. Wewe unatumia hedifoni, hauna kesi ya ukuta, ila hedifoni nyingi za bei yetu zimeongezewa beisi kiwandani zikufurahishe, na ukifungua sauti mpaka mwisho sikio nalo linakudanganya. Fletcher na Munson wa Bell Labs walishalipima hilo mwaka 1933, sikio linasikia beisi kidogo sauti ikiwa chini, ukiongeza sauti beisi inaonekana imejaa. Miksi kwa sauti ambayo mtu akiingia mlangoni mnaweza kuongea bila kupayuka.

Sasa fanya hivi. Kwanza angalia Master, ile chaneli ya mwisho zinapokutana sauti zote. Templeti nyingi za FL, hasa zile za zamani, zinafunguka na limita imeshakaa pale, yani wewe unaongeza sauti yenyewe inabana, unaongeza inabana, hujui kama umeshapita. Itoe. Shusha feda zote chini kabisa. Pandisha kiki peke yake mpaka mita isome kama desibeli -10, sufuri ndo dari, halafu leta 808 mpaka uisikie inaisukuma kiki bila kuimeza, halafu sneya, halafu melodi, haihati, vile visahani vya ngoma, mwisho maana hizo zina tabia ya kelele. Vyote vikipiga pamoja Master isipite -6. Utaona biti iko chini, utatamani kuongeza, usiongeze, ongeza volyumu ya hedifoni. Nakuhakikishia ukikaa nusu saa kwenye feda tu bila plagini hata moja, zaidi ya nusu ya miksi imeisha.

Kiki na 808 ndo wanaogombana kwako, wote wanataka kiti kimoja. Amua nani anakaa chini. Kama 808 yako ndefu ndo beisi, kiki ichague yenye mgongo kwenye Hz 80 mpaka 100 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ndogo ndo beisi), chini ya hapo ikate taratibu, halafu weka kompresa kwenye 808 inayosikiliza kiki, yani saidicheni, kiki ikigonga 808 iiname kidogo na kurudi. Usiifanye iiname sana, hii sio muziki wa klabu wa Ulaya ule wa kupumua. Na hakikisha 808 iko kwenye ufunguo wa wimbo, nimesikia biti nyingi mno ambazo shida haikuwa miksi, 808 ilikuwa nusu noti pembeni na hakuna ikwalaiza itakayotibu hilo.

WhatsApp sasa. Tuseme 808 yako imepiga G ya chini, hiyo ni kama Hz 49. Spika ya simu chini ya Hz 200 huko haina kitu cha maana, kwa hiyo rafiki yako hajakudanganya, kwake beisi haipo kweli. Ukiongeza volyumu ya 808 simu bado haitaiona, ila sabufa la chipsi litaiona mara mbili, ndo hicho kilichokukuta. Dawa ni kuichafua. Weka saturesheni au distoshoni kidogo juu ya 808, inazaa sauti nyingine juu yake kwenye Hz 98, 147, 196, 245 na kuendelea, hizo za juu simu inazipata na sikio la mtu linajazia lenyewe ile ya chini. Ongeza mpaka uisikie kwenye simu, kisha rudi kidogo. Halafu nenda kasimame pale pale kwenye kibanda, agiza chipsi kavu, muombe jamaa aipige biti yako katikati ya nyimbo mbili anazozipenda, usimwambie ni yako. Kama akinyoosha mkono kwenye kitufe cha volyumu, angalia anaupeleka wapi.

SWALI: Bro mimi ni wa singeli, biti zangu ziko BPM 220 hivi, yani mapigo 220 kwa dakika. Nikiweka mwangwi kwenye sneya kama ninavyoona kwenye video za YouTube inakuwa fujo tupu, MC hasikiki. Nikitoa, biti inakuwa kavu. Nifanyeje?

JIBU: Hizo video ni za watu wanaofanya trap ya BPM 140 inayotembea kama 70, wana nafasi ya kulala kati ya ngoma na ngoma. Piga hesabu, gawa 60,000 kwa BPM unapata milisekunde za pigo moja. Wewe 220 ni kama 273, mwenye bongo flava ya 100 ana 600. Mwangwi wa sekunde mbili kwako unafunika mapigo zaidi ya saba, sneya ya kwanza haijafa imeshakuja ya nane. Weka mwangwi mfupi wa chumba, milisekunde 200 mpaka 300, kata kila kitu chini ya Hz 400 kwenye huo mwangwi, na uweke kwenye chaneli yake pembeni ili uuongeze na kuupunguza kwa feda moja.

Kompresa nayo ni hivyo hivyo, rilisi, yani muda wa kuachia sauti iliyobanwa, ikiwa ndefu kuliko pigo haipati nafasi ya kuachia, biti nzima inakaa imebanwa kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Anzia milisekunde 60 au 70, yani kama robo ya pigo. Na MC mpishe, kinanda kinachozunguka mwanzo mwisho kishushe desibeli mbili tatu kati ya Hz 2,000 na 4,000, hapo ndo maneno yanaposomeka. Singeli bila maneno ya MC kueleweka unakuwa umeuza sahani bila pilau.

SWALI: Kaka, mie ni dada wa Likoni, laptopu sina, nafanya biti kwa simu. Je kuna haja ya kungoja mpaka ninunue kompyuta ndio nianze kujifunza kumiksi? Na mbona nikipiga ngoma kwa kidole inachelewa kusikika?

JIBU: Usingoje dadangu. BandLab ni ya bure na inafanya kazi kwa simu, ina miksa, ina ikwalaiza na kompresa za kuanzia, na hayo ya feda niliyomwambia huyo wa Tandika yanafanyika humo bila kupunguza neno. Kuchelewa nadhani unatumia hedifoni za bluetooth, hizo zinachelewesha sauti, ukigonga sasa unasikia baadaye, kwa hiyo unapiga nje ya mdundo bila kosa lako. Tafuta zenye waya hata ziwe za bei chee. Na simu yenyewe ndo spika ya mwisho ya wasikilizaji wako wengi, wenye studio za mamilioni wanahangaika kukisia biti itasikikaje kwenye simu, we umeshaishika mkononi. Kitu kimoja tu, kabla ya kutoa isikilize ikiwa mono, yani kushoto na kulia zimeunganishwa kuwa moja. Kinanda ulichokitanua kushoto na kulia kwa plagini za kupanua kinaweza kupotea chote kwenye spika moja, na beisi usiitanue kabisa, iache katikati.

SWALI: Mzee, nimemiksi biti nikaisukuma kwenye limita mpaka iko juu sawa na za wakubwa, nikaipandisha Spotify, imeshushwa! Wanabagua sisi wadogo?

JIBU: Hapana, wanashusha kila mtu. Spotify inasawazisha nyimbo kwenye -14, kwa kipimo kinaitwa LUFS, ambacho kinapima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Wewe ukiipeleka ikiwa -8 inashushwa desibeli 6, sasa unabaki na biti iliyobanwa, kiki haina ngumi, halafu sio kubwa kuliko ya jirani. Pakua Youlean Loudness Meter, toleo la bure linatosha, weka mwisho kabisa kwenye Master uone uko wapi. Sisemi ulenge -14 kwa nguvu, biti za ngoma nyingi zinakaa vizuri zikiwa juu ya hapo, mimi mwenyewe huwa naachia kwenye -10 au -9 kama kiki bado inagonga. Juu acha desibeli 1 ya hewa ili ikigeuzwa kuwa faili dogo isikwaruze.

Na kama hiyo biti kuna msanii atakuja kuingiza voko, usimpe hiyo iliyobanwa. Zima limita, toa kila sauti peke yake WAV ya bit 24 (hicho ni kipimo cha ubora wa faili, sio biti ya ngoma), zote zianzie sekunde ya kwanza hata kama kinanda kinaingia katikati, andika BPM na ufunguo kwenye jina la folda. Prodyuza atakayepokea folda ina "kick final final 2 mpya.mp3" atakuchukia hata kama hamjawahi kuonana.