Unene wangu: ni mdomo wangu au ni Serikali?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 41, nafanya kazi ya masjala Mtumba na ninaishi Nkuhungu. Tulipohamia Dodoma nilikuwa na kilo 74, leo nina 98. Urefu wangu ni sentimita 162. Kaka yangu ananiita mlafi mbele za watu. Mimi naona Serikali imelegea: soda kila kona, hata kwenye geti la shule ya mwanangu kuna meza ya soda na biskuti. Mwenye kosa ni nani?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako mwambie hivi: kwa miaka yote niliyokaa kliniki, neno "mlafi" halijampunguza mtu hata nusu kilo. Wengi liliwafanya waone aibu kurudi kupima.

Kilo zako ukizigawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 37. Hicho ndicho kipimo cha uzito kwa urefu (BMI), na kuanzia 30 tunaita kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Wiki hii nenda kapime presha na sukari. Hilo lisingoje.

Sasa soda. Mama mmoja alinibishia kwamba anakunywa moja tu kwa siku. Nilichukua sahani, nikamwaga vijiko tisa vya chai vya sukari mbele yake, ikapanda kama kichuguu. Hiyo ndiyo inayokaribia kuwamo katika kola ya mililita 350, kama gramu 37. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Yule mama alinyamaza kimya, kisha akaniuliza: "Mbona hawakutuambia?"

Swali lake ndilo linalonifanya nisikubaliane na kaka yako. Utajizuiaje na usichokiona? Mexico walianza kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari Januari 2014, na manunuzi yakashuka. Uingereza walipanga tozo ya Aprili 2018 kulingana na wingi wa sukari. Viwanda vingi vikapunguza sukari hata kabla siku yenyewe haijafika. Mnywaji hakuhubiriwa lolote. Kazi kama hiyo huiwezi wewe wala mimi. Ni ya Serikali, na tuidai.

Lakini hakuna sheria itakayoingia jikoni kwako, mwanangu. Chai ya asubuhi unaitia vijiko vingapi? Mafuta unapima kwa kijiko au unamimina kutoka kwenye dumu? Na ule ugali wa saa tatu usiku, ukitoka kwenye daladala na njaa ya kutwa nzima? Hapo ndipo pa kuanzia. Beba chakula cha mchana kutoka nyumbani, usiku upunguze ugali na uongeze mlenda. Wageni wa Dodoma wanaudharau mlenda, nami hunisikitisha sana. Upike bila kuuzidishia karanga. Jioni shuka vituo viwili kabla ya kwako, utembee.

Ile meza ya getini ipeleke kwenye kikao cha wazazi. Hiyo haihitaji kusubiri Bunge. Ila msimfukuze mama wa watu, naye ana watoto wa kulisha. Kubalianeni naye auze ndizi, maji, na zabibu msimu wake ukifika, na ninyi wazazi muwape watoto hela ya kununua hivyo.